Uzoefu wangu na maikrofoni za kusikilizia chasisi: mkwaruzo wa Canter uliokuwa ukija na kuondoka

Nina Canter ya tani tatu na nusu, naiendesha mwenyewe. Mzigo wangu ni nyanya za Ilula na vitunguu vya Ruaha Mbuyuni kwenda Dar. Kwa miezi minne gari hili lilikuwa na mkwaruzo mbele ulioninyima usingizi, na mafundi watatu walishindwa kuupata. Aliyeupata si fundi, ni kifaa cha shilingi 165,000 nilichonunua Gerezani, Dar, baada ya kukata tamaa. Naandika kwa ajili ya yeyote ambaye sasa hivi anabadilishiwa vipuri kwa kubahatisha.

Mkwaruzo wenyewe ulikuwa hivi. Gari likiwa tupu, kimya. Likiwa na mzigo kwenye lami iliyonyooka, kimya pia. Ila nikikata kona ya kulia, hasa nikishuka mlima Kitonga, inaanza chini ya kiti changu: kwaru, kwaru, kwaru, kama mtu anayekwangua ukoko wa wali kwa kijiko cha chuma. Nikinyoosha usukani inapotea. Kuna safari niliyofika mpaka Morogoro bila kuisikia hata mara moja, nikamshukuru Mungu. Safari iliyofuata ikarudi.

Gereji ya kwanza walipiga jeki, wakazungusha tairi kwa mkono, wakasema beringi ya kulia inaunguruma. Nilikubali kwa sababu na mimi sauti nilikuwa naisikia kulia. Beringi ya ndani na ya nje pamoja na sili, 170,000. Ufundi 40,000. Kitonga, kona ya kwanza ya kulia, sauti ipo palepale. Gereji ya pili wakaweka breki shuu mpya mbele na kuchonga dramu, 120,000. Breki zikawa nzuri, mkwaruzo ukabaki. Wa tatu akaniambia ni kingpini (pini ambazo tairi za mbele hugeukia ukikata kona), zote mbili, 450,000. Hapo nikamwambia fundi samahani, naomba nikafikirie kwanza.

Sasa kifaa. Ni seti ya maikrofoni sita zilizofungwa kwenye vibanio vya chuma, kila kimoja na waya mrefu wa rangi yake, zinazoingia kwenye kiboksi kidogo chenye swichi ya kuchagua namba moja hadi sita. Kwenye kiboksi unachomeka hedifoni. Betri ni ile ya volti 9. Unabana vibanio kwenye vyuma unavyovishuku, unapitisha nyaya dirishani, gari linatembea, na anayesikiliza anahama kutoka chuma kimoja hadi kingine kwa kuzungusha swichi. Zipo pia zisizo na waya, bei yake ilikuwa karibu mara mbili na nusu. Mimi nilichukua za waya.

Ubora wake wote uko kwenye neno moja: gari linatembea. Ukipandisha gari kwa jeki tairi linaning'inia, halina uzito wa mzigo wala halisukumwi na kona. Sauti inayotokea kwa kusukumwa haiwezi kusikika hapo, hata fundi awe na masikio ya popo. Mafundi wangu hawakuwa wazembe. Walikuwa wanasikiliza gari lililotulia.

Siku ya kwanza nilifanya hivi. Kibanio cha njano kwenye bekipleti ya kushoto (ile sahani ya chuma iliyo nyuma ya dramu ya breki), chekundu kwenye ya kulia. Bluu na kijani kwenye shakeli (vyuma vinavyoshika ncha za springi) za mbele. Cheupe kwenye mguu wa shokapu ya kulia, cheusi kwenye boksi la steringi. Nyaya nilizikaza kila sentimita 30 hivi kwa zile kamba za plastiki za kufungia nyaya, mbali na tairi, mbali na bomba la ekzosi. Hili msilichukulie poa. Waya ukinaswa na tairi unang'oa kila kitu, na ekzosi inauyeyusha kwa dakika chache. Kabla ya kuondoka nilimwomba utingo wangu avae hedifoni, mimi nikapita na spana nagonga taratibu karibu na kila kibanio ili ajue namba ipi ni wapi na kama zote zinapokea.

Anayeendesha asivae hedifoni. Utingo asikilize, dereva aangalie barabara.

Kitonga sikuitumia kwa majaribio. Ile miteremko yenye kona na malori yaliyojaza si mahali pa kuchezea swichi. Nikakumbuka kwamba sisi tunaendesha kushoto, kwa hiyo kipilefti ni kona ya kulia isiyoisha. Nikaenda na mzigo wa vitunguu alfajiri, kwenye kipilefti kimoja kisicho na magari saa hizo, nikazunguka kwa mwendo wa kilomita 20 hivi kwa saa. Mzunguko wa kwanza utingo yuko kwenye nyekundu, kulia, ninakolalamikia mimi. Ananiambia anasikia kitu, lakini kwa mbali, kama kipo chumba cha pili. Mzunguko wa pili akahamia njano akaruka kwenye kiti. "Kaka, ya njano! Iko ya njano, kushoto kabisa!" Nikazunguka tena mara mbili ili arudie. Njano kali, nyekundu hafifu, nyingine nne ni mngurumo wa kawaida wa gari.

Hapo wengi wangekimbilia gereji. Mimi nilisimama kando nikabadilisha nafasi za vibanio, cha njano nikakipeleka kulia na chekundu kushoto, kwa sababu maikrofoni za bei hii hazilingani nguvu. Moja inaweza kupiga kelele zaidi ya nyingine bila sababu. Tukazunguka tena. Sasa nyekundu ndiyo ikawa kali. Sauti imebaki kushoto, rangi tu ndiyo iliyohama. Hapo ndipo nilipoamini.

Nikifikiria sasa, kona yenyewe ilikuwa inasema siku zote. Ukikata kulia uzito wa gari unaegemea tairi la kushoto. Mimi nilidanganywa na kiti changu: ekseli ya mbele ya Canter ni chuma kimoja kutoka tairi hadi tairi, sauti inasafiri ndani yake hadi upande wa dereva, na mimi nimekaa juu ya tairi la kulia.

Nilimpelekea fundi mwingine, mzee mmoja mtulivu, nikamwambia sina ninachodai kibadilishwe, naomba tuangalie kushoto. Akapiga jeki, akashika tairi juu na chini, akalitikisa. Likacheza kidogo, kama unene wa kucha. Akamwambia utingo akanyage breki, akatikisa tena. Mchezo ukaisha. "Ingekuwa kingpini," akasema, "tairi lingecheza hata breki ikiwa imekanyagwa. Hii ni beringi." Jaribio la dakika mbili, na lingetosha kunifanya nizikatae zile 450,000 hata bila kifaa chochote.

Alipovua habu (kitovu cha tairi, ndani yake ndimo zinamokaa beringi) alikuta nati haijakazwa sawasawa na ulimi wa washa inayoizuia isilegee umevunjika. Nikakumbuka miezi sita nyuma upande huo ulifunguliwa kubadilishwa sili ya grisi. Kikombe cha beringi ya nje (pete ambayo beringi inazungukia ndani yake) kilikuwa na vishimo vidogo vidogo upande mmoja, ukipitisha ukucha unakwama. Lakini kilichonifanya nichuchumae muda mrefu kilikuwa kwenye bekipleti. Pembeni pake, chini kabisa, palikuwa na mwezi mchanga wa chuma kinachong'aa, urefu kama kiganja, na sehemu nyingine yote ni kutu na vumbi jekundu la Iringa. Na ukingo wa dramu uling'aa duara zima. Mzee akanieleza: bekipleti haizunguki, ndiyo maana imeumia sehemu moja tu, dramu inazunguka, ndiyo maana imeumia kote. Ukikata kulia lami inasukuma tairi la kushoto kwa ndani upande wa chini, habu iliyolegea inalala, ukingo wa dramu unagusa bekipleti. Ukinyoosha inarudi. Gari tupu halina uzito wa kuilaza. Maswali yangu yote ya miezi minne yalijibiwa na kile kipande cha kung'aa.

Aliniambia pia kwamba ningeendelea, nati ingetoka na tairi lingenitangulia. Nilifikiria Kitonga nikanyamaza.

Beringi mbili, sili, washa mpya na grisi, 195,000. Ufundi 40,000. Alikaza nati huku akizungusha habu, akailegeza, akaikaza tena, kisha akavuta bolti ya tairi kwa mzani wa springi kuona habu inaanza kuzunguka kwa uzito gani, ndipo akakunja ulimi wa washa. Sikuwahi kuona fundi anafanya hivyo, na niliowaona ni wengi.

Kasoro za kifaa sitazificha. Meno ya vibanio ni dhaifu. Kwenye barabara ya vumbi yenye matuta kama ubao wa kufulia, viwili viliachia, na cha kijani waya wake umekatika ndani. Mwendo ukizidi kilomita 60 kwa saa upepo unafunika sauti. Hedifoni zilizokuja nazo tulizitupa, tunatumia za simu. Na kifaa kinasema wapi, hakisemi nini. Kama gari lako linakwaruza kila unapokanyaga breki, usihangaike nacho, fungua dramu uangalie unene wa breki shuu. Thamani yake iko kwenye sauti inayokuja na kuondoka, na hapo nakipa nne kwa tano.

Kabla mzee hajarudisha dramu nilimwomba asafishe ule mwezi wa kung'aa kwa msasa, nikaupaka rangi nyeupe. Nimeshapeleka mizigo mitatu Dar tangu hapo. Juzi tulifungua tena tukaangalia kwa tochi. Rangi ipo yote, ina vumbi tu.