Fungu la kumi au kadiri ya moyo: upangeje utoaji wako?

Fungu la kumi, yaani kumtolea Mungu sehemu ya kumi ya kipato, lina faida moja kubwa: hesabu yake imeshafanyika. Mwenye mshahara wa shilingi 600,000 anatenga 60,000 siku ileile pesa inapoingia, kabla kodi ya nyumba na ada za watoto hazijaanza kuigombania. Anatoa kabla hajajua mwezi utaishaje, na hapo ndipo anapomtegemea Mungu kweli. Andiko linalosomwa zaidi ni Malaki 3:10, linaloagiza zaka, yaani fungu hilo la kumi, iletwe yote ghalani. Natamani tusome pia Kumbukumbu la Torati 14:28-29, ambapo zaka ya mwaka wa tatu inawekwa akiba kwa ajili ya Mlawi, mgeni, yatima na mjane. Mjane alikuwa miongoni mwa walaji wa zaka! Ndiyo maana inaniuma anapobanwa ailipe.

Kwa upande wa pili, Paulo katika 2 Wakorintho 9:7 anamwachia kila mtu aamue moyoni, pasipo kulazimishwa. Njia hii inamfaa mkulima anayesubiri mavuno, au muuza mboga asiyejua faida yake mpaka jioni. Hatari yake ni kwamba moyo usio na mpango hutoa mabaki. Dawa iko 1 Wakorintho 16:2: weka akiba kila siku ya kwanza ya juma, kwa kadiri ulivyofanikiwa.

Kwa maoni yangu, mwenye kipato cha uhakika aanzie kwenye sehemu ya kumi, na akiongezewa kipato apandishe kiasi. Anayedaiwa hospitali aombe, apange kiasi anachoweza, akitoe bila hofu ya laana inayotajwa katika Malaki 3:9.