Kibuye siku ya Jumapili, kwa mwenye deni la simu

Soko la Kibuye hapa Kisumu lina siku yake kubwa, Jumapili, na ndiyo siku inayomfaa anayetaka kumaliza deni. Sababu ni nafaka. Mahindi, maharagwe, ndengu na mchele wa Ahero hupimwa kwa gorogoro, mkebe wa takriban kilo mbili, na kwa kuwa wauzaji ni wengi siku hiyo, bei hushuka ukiwa na subira. Linganisha na maharagwe ya kuchemshwa ya shilingi 50 kila jioni pale mtaani: hiyo ni 1,500 kwa mwezi. Ila ukinunua makavu, yaloweke usiku kucha na kumwaga yale maji kabla ya kuchemsha, la sivyo makaa yatakula ulichookoa.

Mkebe uukague kabla ya kuuliza bei. Ipo iliyobonyezwa ubavuni, na ipo iliyosukumwa kitako kikapanda ndani. Tia mkono, utakigusa. Mahindi yaume. Punje kavu hupasuka kwa mlio, mbichi hubonyea jinoni, na hizo hata kwa bei ya kutupa ziache, zitaota ukungu kabla hujazipeleka kusagwa. Omena (dagaa) nzuri hung'aa kama fedha na imeanikwa juu ya neti. Ya kuanikwa chini ina mchanga, iliyonyeshewa imegeuka kahawia na inavunjikavunjika.

Nenda na noti. Fuliza, mkopo wa M-Pesa unaokuruhusu kulipa salio likipungua, hujikata yenyewe kila pesa zinapoingia M-Pesa, kwa hiyo kinachobaki kitoe siku hiyo hiyo. Mwenye kufika sokoni mkono mtupu hulipia mahindi kwa Fuliza mpya, akatozwa tena asilimia 1 na kuanza upya kuhesabiwa ada ya kila siku. Wengi sana huzungushwa hapa mwezi baada ya mwezi wakidhani shida ni mshahara, na inauma kuwaona.

Chenji ya jioni iweke kwa wakala, ilipe Fuliza kwanza, kwani hiyo ndiyo inayokua kila kukicha. M-Shwari, mkopo mwingine wa simu, ina ada ya asilimia 7.5, yaani shilingi 300 kwa mkopo wa 4,000 kabla ya ushuru, na haipandi ndani ya siku 30. Zikipita hujalipa, asilimia 7.5 nyingine huongezwa, basi tarehe hiyo iandike ukutani.

Nyanya za Kibuye ni rahisi kwa wingi, lakini mtu asiye na friji atazitupa kufikia Alhamisi. Hizo nunua mtaani chache chache. Gunia la mahindi changieni majirani wawili watatu na tuktuk moja, maana boda ya peke yako humaliza faida. Na mitumba iko hapo hapo sokoni. Nafaka ziwe zimenunuliwa na kufungwa kabla hujakanyaga upande wa viatu.