Injini ya rezini au waya wa shaba?

Kwenye ndege ya mfano ya plastiki ya kuunganisha, ya kipimo cha 1/32 (ndogo mara 32 kuliko ndege halisi), injini inayokuja kwenye boksi mara nyingi huonekana tupu. Uagize ya rezini (plastiki ngumu ya kumiminwa, huuzwa kando), au uiboreshe hiyohiyo kwa waya?

Kwa gharama, waya hauna mpinzani. Hedifoni mbovu kwa fundi simu yeyote wa hapa Mwanza inao. Rezini hutoka nje, na usafirishaji na ushuru vinaweza kuizidi bei yenyewe.

Kwa sura, rezini hushinda kwenye mapezi ya silinda (vibati vya kuipoza), membamba kiasi ambacho kisu hakiwezi kuyachonga. Ila nyaya za plagi mara nyingi utazifunga mwenyewe vilevile. Injini ya Pratt & Whitney R-2800 ina silinda 18, kila moja plagi mbili: nyaya 36! Hapo wengi huishiwa subira, si pesa.

Rezini pia haikubali gundi ya plastiki; inataka supaglu, ambayo unyevu wa ziwani huigandisha chupani usipofunika vizuri. Isugue kwa msasa wa maji, vumbi lake hudhuru mapafu.

Ukifunga kifuniko cha injini, waya unatosha. Ukikiacha wazi, rezini inastahili, mradi uipime kwanza kama inaingia.