Hadubini ya laki na themanini kutoka Kariakoo: lenzi safi, ila kijitabu chake kinapotosha

Nimeitumia miezi minne sasa kwa hiyo naongea kitu nachokijua. Ni zile hadubini za wanafunzi, mwili wa chuma, lenzi tatu za chini (4, 10 na 40), za jicho mbili (10 na 16), taa ya LED na betri tatu za AA. Nilimnunulia binti yangu yuko kidato cha pili ila jioni nikitoka kazini tunagombania kiti.

Boksi limeandikwa inakuza mara 1200. Piga hesabu mwenyewe, 40 mara 16 ni 640 basi, na hiyo 640 yenyewe ina ukungu. Ukibaki kwenye 400 picha imetulia kabisa, na 400 inatosha kwa kazi nayotaka kuwaambia.

Tulichota maji kwenye bwawa la samaki la jirani tukatia majani makavu, tukaacha dirishani siku tano. Tone la kwanza tu, paramesia kibao! Umbo kama soli ya kandambili, urefu kama robo ya milimita, wanazunguka huku wanakwenda, na mbio zao hadi lenzi inawapoteza. Tukaweka nyuzi chache za pamba kwenye slaidi ili zimbane mmoja asitoroke na hapo ndo tukaziona silia zake, vinywele vinavyopiga kwa mawimbi kama shamba la mpunga upepo ukipita. Seli moja tu ile jamani, haina misuli wala ubongo, ila ina mdomo, na ina vifuko vya kukamulia maji nje ambavyo unaviona vinajaa na kunywea.

Sasa kijitabu kilichokuja na hadubini kinasema hawa ni viumbe duni, mabaki ya mwanzo wa uhai ambao hawajabadilika. Hapo ndo nilipochukia, maana mtoto anasoma hivyo na anaamini.

Siliati, yaani paramesia na ndugu zake wote wenye silia, wana viini viwili vya aina mbili kwenye seli moja. Kidogo kinatunza vinasaba kwa ajili ya kizazi kijacho, kikubwa ndo kinaendesha kazi za kila siku, na hicho kikubwa kinatengenezwa kutoka kwa kidogo kwa kukatakata DNA, kutupa vipande na kuunga vilivyobaki. Kuna mmoja anaitwa Oxytricha, kiini chake kikubwa kina kromosomu ndogondogo kama 16,000, nyingi zina jeni moja tu. Huo sio uduni, hayo ni mageuko ya muda mrefu sana kwenda njia yao wenyewe. Na kila kipande cha kromosomu kina ncha mbili, kwa hiyo ukitaka kusoma ncha za kromosomu nenda kwa siliati, ndo alivyofanya mwanasayansi Elizabeth Blackburn kwa siliati mwingine anaitwa Tetrahymena, na yeye, Carol Greider na Jack Szostak wakapata Nobel 2009.

Hata lugha ya jeni wameibadilisha. Kwetu sisi kuna maneno matatu ya kusema simama hapa, UAA, UAG na UGA. Kwa paramesia mawili ya kwanza yanasomwa kama asidi amino ya glutamini, limebaki UGA peke yake. Mimi nilifundishwa shuleni kwamba lugha hiyo ni moja kwa viumbe wote na niliposoma hili nilikaa kimya dakika nzima.

Kosa la kijitabu hata wataalamu walishalifanya. Kuna kundi la siliati, Loxodes yumo, ambao kiini chao kikubwa hakiwezi kugawanyika, seli ikijigawa lazima kingine kitengenezwe upya. Wakawaita Karyorelictea, yaani mabaki ya kale. Vinasaba vilipokuja kusomwa, ikaonekana kundi hilo linakaa ubavuni kwa Stentor, yule mkubwa wa umbo la tarumbeta, sio kwamba ndo shina wengine wote wametokea hapo.

Na ndugu zao wengine tunawajua vizuri, kimelea cha malaria. Siliati na plasmodiamu wana babu mmoja, wote wana vifuko bapa chini ya utando wa seli. Kwa paramesia vinaimarisha ngozi, kwa malaria vinashikilia mtambo unaomsaidia kupenya chembe ya damu. Binti yangu ameugua malaria mara mbili, nilipomwambia huyu kwenye slaidi ni binamu wa mbali wa yule, alirudi kwenye lenzi akaangalia upya.

Kasoro za mashine yenyewe sasa. Klipu za kubania slaidi zililegea wiki ya pili, nikazikunja kwa koleo zikakaa. Dawa ya bluu ya kutia rangi ni nzuri, kiini kikubwa kinatokea kama harage, ila kile kidogo kwa hii lenzi sijafanikiwa kukiona hata mara moja, kwa hiyo usimuahidi mtoto.

Kitu kimoja kizuri cha kujaribu, nenda machinjioni asubuhi na chupa ya chai ya zamani uombe maji ya tumbo la kwanza la ng'ombe. Humo wamejaa siliati wanaoishi bila oksijeni, mitokondria zao, vile vijumba vya kutengeneza nguvu ndani ya seli, zimegeuka kuwa mitambo ya kutoa haidrojeni. Wahi nyumbani, wakipoa wanakufa.

Ukienda kununua omba uwashe taa na ujaribu lenzi ya 40 palepale kabla hujalipa, ya kwanza niliyopewa ilikuwa na mkwaruzo, muuzaji akabadilisha bila maneno.