Walimpima Mama, Wakakasirishwa na Kicheko cha Mwana

Ninaandika uzoefu huu nikiwa na hasira, na sioni sababu ya kuificha, kwa kuwa akina mama wa Lamu wanaendelea kujiandikisha katika kituo kile cha kupunguza uzito, na wengi wao ni wazazi wa juzijuzi, wananyonyesha, na wanaihesabu kila shilingi inayotoka nyumbani. Bei na saa za kufungua zimebandikwa mlangoni, anayezitaka atazisoma. Mimi nataka kueleza jinsi mama anavyotendewa akishapanda juu ya mizani.

Nilijiunga wakati fulani baada ya Maulidi, mtoto wangu mdogo akiwa ameshaanza kukaa. Katika arobaini yangu nilikandwa, nikafungwa mkaja, nikanyweshwa uji wa pilipili manga na supu za kila namna, na mavyaa wangu, Mungu amzidishie, hakuniacha niinue hata kikombe. Baadaye magoti yakaanza kuniuma kila nilipopanda ngazi, maana nyumba yetu ni ya mawe na jiko lake liko juu kabisa, na muuguzi wa kliniki akanishauri nipunguze uzito taratibu bila kumwachisha mtoto ziwa. Nikasikia habari za kituo hiki, nikalipa.

Mafunzo yenyewe yalikuwa mazuri, na haki ya mtu haifichwi. Kulikuwa na binti mmoja mpole, mwenye kuamkia kila aliyemzidi umri, aliyetufundisha kwamba gramu moja ya mafuta hutoa kalori 9 ilhali gramu ya wanga au ya protini hutoa 4, kisha akalipeleka jambo hilo jikoni kwetu moja kwa moja: tui zito liwe la siku ya wageni, na siku nyingine mchuzi upikwe kwa tui jepesi na ndimu iongezwe. Alisisitiza kwamba mama anayenyonyesha huhitaji takriban kalori 500 zaidi kwa siku, kwa hiyo asijinyime kama asiye na mtoto, na kwamba Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto apewe maziwa ya mama pekee kwa miezi 6, kisha aendelee kunyonya pamoja na vyakula vingine hadi miaka 2 au zaidi. Kwa binti huyo peke yake ningewapa sifa zote. Jioni nilianza kutembea na wifi yangu kando ya bahari kuelekea Shela, na magoti yakapata nafuu kweli.

Mpango ule ulipoingia nyumbani, nyumba nzima ilifurahi kwa namna ambayo sikuitarajia. Sisi hula sinia moja, na karatasi ya kituo ilitaka nile sahani yangu, wali wangu umepimwa kwa kikombe. Siku ya kwanza mwanangu wa kiume, ambaye bado hajatimiza miaka saba, aliiangalia sahani ile kwa huzuni, akamgeukia bibi yake akauliza, "Bibi, mama amefanya kosa gani?" Bibi yake alicheka hata akashindwa kumeza. Binti yangu mkubwa alijitwika ulinzi wa mahamri, akawa anayahesabu kila asubuhi kwa sauti na kumtaka kila mtu aeleze alipolipeleka lake, mpaka baba yake, aliyekuwa ameficha kaimati kwenye mfuko wa kanzu ili asinitamanishe, akaumbuliwa na shira iliyopenya kitambaa cheupe. Ninayaeleza haya kwa sababu ndiyo yaliyonifanya nivumilie. Mama aliyetoka kujifungua hulala kwa vipande, huamka na kilio, hushinda na kilio, na kicheko cha watu wake kinapomfikia humtia nguvu ambayo karatasi ya lishe haiwezi kumpa. Kituo kinachodai kuwahudumia akina mama kinapaswa kulijua hilo kabla ya kununua mizani.

Sasa nifike kwenye siku yenyewe. Mavyaa wangu alikuwa ameondoka kwenda msibani, wifi naye hakuwapo, kwa hiyo nilikwenda kupimwa nikiwa na wanangu wote. Yule binti mpole hakuwa zamu. Alikuwapo msimamizi, mwanamke wa makamo ambaye hakuitikia salamu yangu, akaniamuru nipande, akausoma uzito wangu kwa sauti mbele ya wanawake wote waliokuwa wamekaa kwenye busati wakisubiri. Ulikuwa umepanda kidogo. Akanyoosha kidole kwenye chati ya ukutani, ile inayogawa uzito kwa kimo kilichozidishwa chenyewe kwa chenyewe, akasema, "Umekula nini wewe?"

Kabla sijajibu, mwanangu alisogea mbele kwa adabu zote, akamwamkia, kisha akanitetea: "Shikamoo bibi. Mama hali wali. Yeye hula ukoko, na ule ninaobakisha mimi, na ule anaobakisha dada."

Chumba kizima kilipasuka kwa kicheko. Walicheka kwa kuwa kila mmoja alijiona pale: ni mama gani wa mji huu anayemwaga ukoko wa wali wa nazi, au anayeyatupa makombo ya mwanawe ilhali nazi na mchele vinanunuliwa? Nami nilicheka, na mdogo akacheka kwa kuniona ninacheka. Jibu la mtoto lilikuwa ndilo jambo la maana kuliko yote yaliyosemwa pale siku ile, kwa sababu karatasi yao haikuwa na mstari hata mmoja kuhusu ukoko na makombo. Mtaalamu yeyote mwenye masikio angeketi, akachukua kalamu, akatuuliza sote tunakula kiasi gani kwa njia hiyo.

Yeye alikasirika. Aligonga meza, akasema, "Hapa si barazani. Kama huna azma na watoto wako hawana adabu, kaa nyumbani unenepe." Kisha akachukua kadi yangu, akaandika kwa wino mwekundu, mbele ya macho yangu na ya mwanangu anayejua kusoma: "Hana nia."

Mtoto aliyemwamkia mtu na kumwita bibi ameambiwa hana adabu! Njia nzima alinishika baibui akiniuliza kama yeye ndiye aliyeniharibia, na tulipofika mtaa wa Langoni nikalazimika kusimama pembeni, punda wakipita na mizigo yao, nimkumbatie na kumhakikishia kwamba alisema kweli na kwamba kweli yake ilinipendeza. Usiku ule hakutaka kumaliza chakula, kisha hakutaka kubakisha, hakujua afanye lipi. Hilo silisamehi.

Na chati yake ile nimeisoma habari zake. Kanuni hiyo ilitokana na kazi ya Adolphe Quetelet, mwanatakwimu wa Ubelgiji, katika miaka ya 1830, naye alikuwa akitafuta wastani wa watu wengi kwa pamoja, wala hakuwa tabibu wa mtu mmoja mmoja. Ina faida zake, sikatai, hata hospitali huitumia. Lakini haimwonyeshi msomaji mtoto aliye ziwani, wala usiku wa kuamka, wala magoti yaliyopoa, na aliyeisimamia hana haki ya kuitumia kupima nia ya mtu.

Nilimlalamikia mwenye kituo. Alinijibu kwa ujumbe mfupi kwamba watoto hawaruhusiwi chumba cha mizani, jambo ambalo halikuandikwa popote, na kwamba ada hairudishwi. Kuhusu maneno ya msimamizi wake hakugusa hata herufi moja. Je, huduma ya akina mama itafanywaje bila watoto wao? Sisi tuwaache wapi?

Nilipoanza kuandika nilitaka kushauri kwamba mwende siku za yule binti tu, mchukue mafunzo, muepuke zamu za yule mwingine. Kwa kweli mafunzo yale yanafaa, nami bado ninapika kwa tui jepesi. Lakini kadiri ninavyoandika ninaona siwezi kumpeleka mwanamke mwenzangu mahali ambapo heshima yake inategemea nani yuko zamu, kwa hiyo ushauri huo nauondoa. Msijiunge. Wanawake kadhaa waliokuwa kwenye busati lile wameshaacha, tunapimana ukumbini kwa wifi yangu, watoto wakiwa papo hapo, na ukoko sasa tunaugawa kwa kijiko na kuuhesabu kama chakula kingine chochote. Yule binti mpole akifungua chumba chake mwenyewe, nitakuwa wa kwanza kulipa.

Ada yangu wabaki nayo. Kadi ninayo mimi, na ninachokidai ni kimoja: yule bibi aje ayafute maneno yale kwa mkono wake, na mwanangu awepo.