Fanicha ya boksi ionekane ya gharama: ununue nini kwanza, uache nini

Watu wengi wakitaka kulipendezesha kabati la chipubodi (ubao wa chembe za mbao zilizogandishwa kwa gundi), lile linalouzwa vipandevipande ndani ya boksi, hukimbilia rangi au stika, na hapo ndipo pesa nyingi hupotelea. Kinacholitoa kabati siri mara nyingi ni kishikio chepesi kinachotikisika, milango iliyopishana, na chini kulikovimba kwa maji ya kupigia deki. Kwa hiyo orodha hii inaanza na mambo yanayoleta tofauti kubwa kwa pesa kidogo, na kuishia na yale yanayokula pesa na muda kwa matokeo ya kubahatisha.

Kabla ya yote, hakikisha kabati lenyewe linastahili

Gonga ubao kwa kidole. Ukisikia mlio wa utupu, ndani kuna masega ya karatasi, kama ilivyo meza ya Lack ya IKEA. Ubao wa namna hiyo una kitu cha kushika skrubu pembezoni tu, katikati hakuna. Unaweza kuubandika stika, lakini usiuwekee miguu mipya wala uso wa mbao.

Ukiwa bado dukani, chagua ubao wa mm 16 au 18, na mm 18 ni bora zaidi kwa rafu ndefu. Droo ziwe na reli za gololi, si za magurudumu mawili ya plastiki. Ubao wa nyuma ulioingizwa kwenye mfereji ni imara kuliko uliopigiliwa misumari juu juu. Boksi likifunguliwa na harufu ikachoma macho, gundi ya ubao huo inatoa fomaldehaidi nyingi, yaani gesi inayowasha. Tafuta ulioandikwa E1 au E0, alama za ubao unaotoa gesi hiyo kidogo. Na kama ukingo wa chini umeshavimba, acha. Chipubodi ikishavimba hairudi, hata ukiianika juani mwezi mzima.

1. Kulinganisha (bure)

Hakuna unachonunua hapa zaidi ya pima maji, na pengine fundi wa jirani anayo. Kabati la bei kubwa hutambulika kwa nafasi kati ya milango: ni ileile toka juu hadi chini, mm 2 hadi 3. La boksi linaweza kufika hapo, ila wafungaji wengi huliacha lilivyo.

Kosa huanzia mgongoni. Kabla ya kupigilia ubao wa nyuma, pima kona kwa kona kwa mshazari, pande zote mbili. Vipimo vikitofautiana zaidi ya mm 3, kabati limepinda, na ukishapigilia misumari limepinda moja kwa moja. Lisukume upande wa kona ndefu hadi vipimo vilingane, ndipo upigilie, msumari mmoja kila sentimita 10. Lisimamishe mahali litakapokaa na uliweke sawa kwa pima maji, kwa sababu sakafu iliyoinama huvuruga milango hata ya kabati lililofungwa vizuri.

Kisha nenda kwenye bawaba. Zile za kisasa, zenye kikombe cha mm 35 kilichozama mlangoni, zina skrubu za kurekebishia. Iliyo karibu na mlango husogeza mlango kushoto na kulia. Ya nyuma yake huuvuta ndani au kuutoa nje. Za bamba lililofungwa ubavuni huupandisha na kuushusha. Zungusha nusu mzunguko kwa wakati mmoja, funga mlango, tazama, rudia. Anza na kupanda na kushuka. Ukianza na kushoto na kulia utarudia kazi mara mbili.

2. Vishikio

Kwa pesa utakayotoa, hakuna kinachobadilisha kabati kama hivi. Mkono hugusa kishikio kila siku, na chuma kizito chenye ubaridi husema jambo ambalo plastiki iliyopakwa rangi ya fedha haiwezi kusema.

Pima kwanza umbali kati ya tundu na tundu, katikati hadi katikati. Vipimo vya kawaida ni mm 96, 128, 160 na 192. Nunua kipimo kilekile ulichonacho, isipokuwa umeamua kupaka rangi kabati lote. Tundu la zamani likizibwa kwa puti kwenye uso wa melamini (ngozi ngumu inayofunika chipubodi, mara nyingi yenye picha ya mbao) huonekana daima, maana hakuna puti inayofanana kabisa na picha ya mbao. Kama lazima ubadilishe kipimo, tafuta kishikio chenye bamba la nyuma refu la kutosha kufunika matundu ya zamani.

Nenda dukani na sumaku ndogo. Ikinasa, ni chuma cha kawaida kilichopakwa nikeli au kromu. Dar, Tanga, Mombasa au Unguja chumvi ya hewa itakitoboa vidoa vya kutu. Shaba nyeupe, aloi ya zinki na alumini hazinasi. Kati ya hizo pima uzito mkononi: alumini yenye uwazi ndani ni nyepesi mno, aloi ya zinki inatosha kwa nyumba nyingi, na shaba nyeupe ndiyo bora ukiimudu. Rangi chagua nyeusi isiyong'aa au shaba iliyosuguliwa. Dhahabu inayong'aa ndiyo ya kwanza kuchubuka.

Skrubu zinazokuja nazo mara nyingi ni M4, yaani unene wa mm 4, na urefu wake ndio huwaangusha watu. Mlango wa mm 16 unataka skrubu ya mm 22, wa mm 18 unataka mm 25. Droo zenye uso wa pili mbele zinaweza kufika unene wa mm 28 au zaidi, hapo unahitaji mm 35. Skrubu ikiwa ndefu kupita kiasi hufika mwisho wa uzi kabla ya kubana, na kishikio kinabaki kinacheza hata ukikaza vipi.

Kama unatoboa matundu mapya, kata kipande cha boksi kiwe kiolezo, bandika utepe wa karatasi wenye gundi mahali pa kutoboa, toboa toka mbele kwa biti ya mm 5, na ubane kipande cha mbao nyuma ya mlango. Bila hicho kipande melamini humeguka biti inapotokea upande wa pili. Kwa droo pana, kishikio kimoja kirefu cha karibu theluthi ya upana hupendeza kuliko viwili vifupi.

3. Miguu

Makabati mengi ya boksi hukaa ubao mtupu juu ya sakafu, na kwetu sakafu hupigwa deki kila asubuhi. Maji huingia kwenye ukingo usiofunikwa, na ndani ya mwaka kabati limeota tumbo miguuni. Miguu ya sentimita 10 hadi 15 inaondoa tatizo hilo, inaruhusu ufagio kupita, na kabati linaonekana jepesi, la kisasa.

Nunua minne, ya mbao iliyochongwa au ya chuma, pamoja na bamba za kufungia. Ifunge chini ya mbavu au karibu nazo kabisa, sentimita 3 hadi 5 kutoka kona; ukiiweka katikati ya ubao wa chini, ubao utashuka na droo zitaanza kukwama. Kabati likizidi upana wa sentimita 80, ongeza mguu wa tano katikati. Kwenye ubao wa mm 16 skrubu ya mm 16 kupitia bamba la mm 2 inaingia mm 14, ndiyo salama. Ndefu zaidi itatokea ndani ya kabati. Kabla ya kufunga, paka kingo zote za chini vanishi au gundi nyeupe ya mbao mikono miwili, yaani mara mbili.

Kabati lililoinuliwa hupinduka kirahisi zaidi, hasa droo mbili zikiwa wazi na mtoto amening'inia. Juni 2016 IKEA ilitangaza nchini Marekani kuyarudisha makabati takriban milioni 29, yakiwemo ya aina ya Malm, baada ya watoto kufa kwa kuangukiwa. Nunua vyuma viwili vya pembe, toboa ukuta kwa biti ya zege ya mm 8, weka plagi ya plastiki na skrubu ya mm 60. Usifunge kwenye ubao mwembamba wa nyuma; funga kwenye ubao wa juu au mbavu.

4. Uso wa mbao halisi

Hili ndilo linalowadanganya hata mafundi. Kabati jeupe la melamini likiwekewa juu ubao wa mninga au mvule, macho hukaa kwenye mbao na kusahau mengine. Kipande kimoja tu kinatosha, na Keko jijini Dar es Salaam au kando ya Ngong Road jijini Nairobi utapata wa kukupigia randa na kukuunganishia.

Tuseme kabati lina upana wa sentimita 80 na kina cha 48. Agiza ubao wa 82 kwa 50, unene mm 22 hadi 25: sentimita moja itokeze kila ubavu, mbili mbele, nyuma iwe sawa na ukuta. Mbao tatu za inchi 8 zikishapigwa randa na kuunganishwa zinatosha, na kinabaki cha kukata. Nyuzi ziende kwa urefu.

Sharti mbao ziwe kavu. Mbao mbichi zikiunganishwa leo, baada ya miezi michache zinajikunja au kupasuka kwenye maungio. Hata zilizokauka hupanuka na kusinyaa kwa upana, kwa hiyo usizikaze pande zote. Toboa ubao wa juu wa kabati toka chini: matundu ya mbele ya kawaida, ya nyuma yarefushwe hadi mm 10 kuelekea nyuma na mbele, kisha funga kwa skrubu za mm 30 zenye washa. Paka sila (ya kuziba vitundu vya mbao) na vanishi isiyong'aa sana pande zote mbili. Fundi atakuambia chini hakuonekani. Mwambie apake, kwa sababu upande usiopakwa ndio unaovuta unyevu na kuukunja ubao.

5. Rangi

Inafaa kwa mwenye subira, au kwa kabati ambalo picha yake ya mbao haivumiliki. Melamini hainywi rangi, na ndiyo sababu rangi ya mafuta iliyopakwa moja kwa moja huchubuka kwa ukucha. Piga msasa namba 180 mpaka mng'ao uondoke, bila kufika kwenye chipubodi. Futa kwa spiriti. Paka praima ya nyuso laini, iache saa 24, pitisha msasa 320, kisha rangi mikono miwili au mitatu myembamba kwa rola ya sponji ya inchi 4. Nyeupe ya mafuta hugeuka manjano sehemu isiyopata mwanga. Ya maji ya enameli hudumu nyeupe. Chagua yenye mng'ao wa kati, maana inayong'aa sana hufichua kila kidoa.

Ngoja wiki mbili au tatu kabla ya kupanga vitu vizito, vinginevyo milango itang'ang'aniana na vitabu vitaganda rafuni. Ukitaka uso laini kama wa kiwandani, peleka milango peke yake kwa fundi wa duko, yaani rangi ya kupuliza. Kubeba kabati zima ni kulilegeza.

6. Stika

Mwisho wa orodha, na kwa haki. Marumaru ya kuchapwa haimdanganyi mtu, na kingo zake hufunguka kwenye joto, hasa juu ya meza inayopokea sufuria. Mahali inapofaa ni mgongo wa ndani wa rafu, rangi moja isiyong'aa, ambako haiguswi. Anza juu, chana karatasi ya nyuma sentimita 20 kwa wakati mmoja, kandamiza kwa kadi iliyofungwa kitambaa, na kiputo kikibaki kitoboe kwa sindano.

Nje ya orodha, ukitaka kuongeza taa za utepe kabatini, ziwe za mwanga wa joto, kelvini 2700 hadi 3000, ndani ya mfereji wa alumini wenye kifuniko cheupe kama maziwa ili vidoti vya taa visionekane. Mita 3 za wati 9.6 kwa mita zinahitaji karibu wati 29, hivyo nunua pawa sapulai ya wati 36, na uiweke mahali penye hewa, si nyuma ya nguo.