Okoye au Diana: nani avae nini vitani?

Vikundi vya maigizo hapa Dodoma vinapotaka kumvisha binti vazi la shujaa, ubishi huangukia kwa wawili: Okoye, jenerali wa kike katika filamu ya Black Panther (2018), na Diana, shujaa wa filamu ya Wonder Woman (2017).

Mimi niko upande wa Okoye bila kusita. Ruth E. Carter, aliyeshinda Oscar mwaka 2019 kwa mavazi ya Black Panther, alimsitiri mwili wote: wekundu unaokumbusha lubega la Wamaasai, shanga kifuani, mapete shingoni. Akizungusha mkuki, unamwona askari kwanza. Shanga zenyewe si ngeni kwetu. Akina mama wa Kigogo huzivaa wakipiga ngoma ya muheme, na mabega yanacheza bila kuzuiwa. Fundi cherehani wa mtaa wa Majengo ukimpelekea kitambaa chekundu na shanga za rangi, kazi inaanza siku hiyo hiyo.

Diana naye ana yake: bangili zinazokinga risasi, kamba ya dhahabu inayomlazimisha mtu kusema kweli. Lakini anaingia vitani mapaja na mabega wazi, huku wanaume kwenye mahandaki wamejifunika makoti mazito! Hilo linaniudhi. Kwa jukwaa letu ningemwongezea suruali ya ngozi.